Mshika Gunia wa Mzee Chenga

Jumanne, 8 Julai 2025

Mwaka unatimia. Stanislaus alituacha Julai iliyopita, na mpaka leo mtu akikohoa kwa mbwembwe barabarani nageuka nikidhani ni yeye.

Leo Justa, mjane wake, kapita kibandani kwangu ninapotengenezea baiskeli. Kasema Jumamosi ya wiki ijayo kaburi lake kule Katindiuka litajengewa na msalaba utabarikiwa. Nikasema vema. Akaongeza kwamba watani watakuja, na mmoja wao atavaa koti la marehemu na kumwigiza kama ilivyo desturi, watu wacheke, msiba ufungwe. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali kabisa, koti atavaa nani.

Shilinde!

Naandika ili nafsi itulie. Bonde zima la Kilombero, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba, linamjua Stanislaus kwa jina la Mzee Chenga. Alijiita hivyo kwa sababu, alisema, yeye ni mchele uliovunjika lakini bado unalika. Na kichekesho chake kikubwa kuliko vyote kilikuwa kile cha debe. Yeye ni mkulima, anapima mpunga huku anahesabu. Mbele yake yupo tajiri wa mjini, ameshika gunia wazi. Moja. Mbili. Mama mkwe hajambo? Ana watoto wangapi? Umesema saba? Haya, nane! Hesabu inaruka, gunia halijai, tajiri anazidi kutumbua macho. Nimeona watu wazima wakigaragara chini stesheni kwa kicheko, wakaachwa na treni.

Tajiri ni mimi. Miaka yote ni mimi. Sikuwa na neno hata moja la kusema, hilo nakubali. Lakini kushika gunia ni kazi. Kilichochekesha pale ni uso, na uso ni wangu.

Nikamkumbusha Justa kwamba mimi nipo hai. Akacheka, akasema shemeji, wewe ni Mndamba kama yeye, wewe ni mfiwa. Mfiwa hamwigizi marehemu wake. Hiyo ni kazi ya mtani.

Jioni nimemweleza mke wangu dhuluma hii. Siwema kaniuliza kama pancha ya ile baiskeli ya katekista imeshazibwa. Mwanamke huyu hana jicho la sanaa.

Jumatano, 9 Julai

Shilinde alikuja bondeni na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Mrefu, mpole, anaongea taratibu mpaka unataka kumsukuma. Eti naye ni mtani wa Stanislaus. Tangu lini Msukuma akawa mtani wa Mndamba? Tangu Stanislaus aliposema. Alijitangazia utani mwenyewe, siku moja, shambani, bila kikao. Na watu wakakubali! Ndivyo alivyokuwa. Angesema mto Kilombero unapanda mlima, watu wangekwenda kutazama.

Habari njema. Herieth wa redio ya hapa mjini katangaza mdahalo kesho kutwa: Mzee Chenga ametuachia nini? Wageni wawili studioni, wasikilizaji watapiga simu. Kamwalika mwalimu mmoja mstaafu na, bila shaka, Shilinde. Mimi sikualikwa. Nimeambiwa walinitafuta wakanikosa. Kibanda changu kiko mkabala na redio.

Haidhuru. Umma utasema. Na kama umma una aibu ya kusema, mimi nitausaidia.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka kabla sijaanza kuipamba.

Mdahalo ulianza vizuri. Mwalimu mstaafu kasema Mzee Chenga ametuachia mafunzo ya maadili. Uongo mtupu. Stanislaus alikuwa akiiba maandazi kwenye sahani yangu huku ananitazama machoni.

Ndipo nikapiga simu ya kwanza kutoka nyuma ya kibanda, kitambaa mdomoni. Nikajitambulisha kama mama wa kutoka Mlimba. Nikasema kwa sauti nyembamba kwamba mimi binafsi nilikuwa nikienda kumtazama yule mshika gunia. Herieth akanishukuru. Nikapiga ya pili kama mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nikasema vijana tunamwona mshika gunia kama legendi. Akanishukuru. Ya tatu nikawa mzee wa Masagati, huko mwisho wa dunia, nikakohoa sana, nikasema bila gunia debe ni bati tu. Nilijivunia sana maneno hayo. Nilikuwa bado nakohoa Herieth aliposema hewani, taratibu, kwa heshima zote, mbele ya wilaya nzima: mzee Nazari, shikamoo.

Nikaitikia marahaba. Ulimi ulinitangulia.

Halafu Shilinde akaulizwa. Akasimulia siku ng'ombe wake walipoingia kwenye mpunga wa Stanislaus, kule Katindiuka. Watu walishatoka na mapanga. Vijana wake yeye walishashika fimbo. Stanislaus akapita katikati, akamwendea ng'ombe mmoja dume, akamsalimia, akamwambia akae chini wasikilizane. Akamuuliza jina, kabila, na kama ana mwanasheria. Akakaa yeye chini, kwenye tope, akaanza kusikiliza maelezo ya ng'ombe kwa makini, huku anatikisa kichwa. Wa kwanza kucheka alikuwa kijana mwenye panga. Kisha Stanislaus akasimama akatangaza kwamba kuanzia leo Shilinde ni mtani wake, na mtani hapigwi, anadaiwa tu. Shilinde kasema alirudi kesho yake na maksai wake bila kuitwa, akamlimia shamba lote upya. Kasema katika maisha yake hapa, yule ndiye mtu wa kwanza kumtania. Kabla ya hapo walikuwa wakimwogopa.

Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta, nimemshikia Stanislaus viatu.

Hilo Shilinde hakulitaja.

Jumamosi, 12 Julai

Mji mzima unaniita Mama Mlimba. Mteja kaleta baiskeli, kauliza kama mama yupo.

Siwema kaniambia kwa upole, kitu kilichonitisha, kwamba kama namkumbuka rafiki yangu nikae tu nimkumbuke, koti la nini? Nikamwambia haelewi. Kasema anaelewa kuliko ninavyodhani. Sikutaka kuuliza anaelewa nini.

Ukweli ni huu, na usisomwe na mtu. Wakisema Mzee Chenga, wanasema Mzee Chenga. Hakuna anayesema Chenga na Nazari. Wakizeeka waliotuona, nitakuwa sikuwahi kuwepo. Nikivaa koti siku moja tu, mbele ya watu wote, watanitazama mimi.

Adhuhuri wazo limenijia huku nikijaza tairi upepo. Watani wa Wandamba tangu enzi ni Wangoni. Mimi ni Mndamba upande wa baba. Upande wa mama kuna bibi aliyekuwa, nakumbuka kama ndoto, anaisemasema Songea. Bibi akiwa Mngoni, mimi ni mjukuu wa Wangoni. Nikiwa mjukuu wa Wangoni, mimi ni mtani. Nikiwa mtani, koti!

Shangazi Yunis yupo Chita. Ndiye aliyebaki anayejua ukoo wa pande zote mbili, kuanzia waliooa mpaka waliokimbia. Kesho napanda treni.

Jumatatu, 14 Julai, Chita

Treni ilichelewa mpaka nikasahau ninakwenda wapi. Nimefika nimechoka, nikatoa shikamoo, nikaanza mara moja kuuliza habari za bibi. Shangazi Yunis kaniambia maneno ya ukoo hayasemwi mpunga ukiwa bado haujapigwa. Akaniongoza uani.

Nimepiga mpunga tangu asubuhi. Mgongo si wangu tena. Kila nikipumzika nauliza, bibi alikuwa Mngoni? Shangazi anajibu, pepeta hiyo kwanza.

Jioni katoa hukumu. Bibi alikuwa Mndamba. Mama yake Mndamba, baba yake Mndamba. Nikakaa chini kwenye pumba. Kaniona nilivyonyong'onyea, akaongeza kwamba lakini alizaliwa Songea, wazazi wake walipokwenda huko kutafuta kibarua, na akarudi ananyonya bado.

Kazaliwa Songea! Imetosha. Mtu ni pale anapozaliwa. Shangazi kasema kwa hesabu hiyo paka aliyezaa kwenye chungu kazaa mboga. Amenipikia wali na kambale mkavu, amenibebesha na mfuko wa mchele mpya wa Siwema. Ananipenda, ila kwa masharti.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kwa Justa na kumtangazia Ungoni wangu. Nilitegemea upinzani, nilikuwa na hoja. Hakupinga! Kanitazama kwa muda mrefu, akasema karibu sana, mtani.

Kumbe mtani si koti tu. Mtani ndiye anayechota maji msibani. Mtani ndiye anayebeba mchanga na kukoroga saruji. Mtani ndiye anayepasua kuni huku wafiwa wamekaa mkekani wanahudumiwa uji. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku ya mazishi mwaka jana nilikaa mkekani nikahudumiwa uji, na sikumwona mtani yeyote amekaa.

Nimebeba mchanga kutwa. Shilinde kaja na mkokoteni wa maksai, kanikuta nahema. Hakuuliza Ungoni umetoka wapi. Kapakia mchanga wangu wote pamoja na ndoo, akaniambia na mimi nipande. Nilitaka kukataa. Nikapanda.

Njiani kaniuliza kama ni kweli Stanislaus alikuwa akiogopa kuku. Nikamwambia ni kweli, jogoo hasa. Alikuwa akizunguka nyumba nzima ili asipite mbele ya jogoo. Tulicheka mpaka maksai wakasimama. Nikajikumbusha kwamba huyu ni adui.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeshinda! Nimeshinda na sina furaha yake.

Leo wakati wa kumalizia kupiga lipu nilisimama mbele ya ukoo na kutoa hoja niliyoiandaa. Kwamba utani wa Wangoni ni wa mababu. Kwamba utani wa Shilinde ni wa juzi, tena ulianzia kwenye tope. Kwamba palipo na mtani wa zamani, wa jana anakaa pembeni, na kwa hiyo koti ni la Mngoni. Nilitaja Songea mara nyingi. Wapo waliokohoa.

Nikamgeukia Shilinde, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akafuta saruji mikononi, akasema ni kweli, koti avae mzee Nazari, ndiye aliyekuwa karibu naye. Basi! Hata kubishana hataki. Ningefurahi zaidi kama angetukana kidogo.

Akauliza swali moja tu. Kama mimi nitakuwa Mzee Chenga, nani atashika gunia? Sikuwahi kulifikiria hilo. Akasema basi yeye atajaribu, ingawa uso wake haujui kazi hiyo.

Justa katoa koti sandukuni. Lile la kahawia, viraka viwiko vyote. Akanionya kwamba mtani ana sheria moja kubwa: pale makaburini wengine wote wanaruhusiwa kulia, yeye haruhusiwi. Mtani akilia anatozwa faini na utani wake unakufa hapo hapo. Nikamwambia mimi nalia ya nini, mimi ni msanii.

Nimelijaribu mbele ya kioo. Mikono mirefu. Siwema kapita, kasimama mlangoni. Kisha kaja kanikunjia mikono ya koti vizuri, akaenda jikoni.

Jumamosi, 19 Julai

Sijui nianzie wapi.

Watu wamejaa Katindiuka. Misa fupi, msalaba ukabarikiwa, Justa na wanawe wakaweka maua. Wanawake wakalia, ndivyo inavyotakiwa. Kisha ikaitwa zamu ya watani.

Niliingia kwa mwendo wake. Kiuno mbele, mkono nyuma. Watu wakaanza kucheka, mtu mmoja akaita Chenga! Wote wananitazama mimi. Shilinde kasimama pale na gunia wazi, debe chini, mpunga kidogo ndani yake. Nikachota. Nikamimina. Nikasema moja. Nikamimina, nikasema mbili. Sasa ni mahali pa kuinua macho na kumtazama tajiri, kumuuliza mama mkwe hajambo.

Nikainua macho.

Miaka yote nilisimama upande wa gunia nikimtazama Stanislaus. Sikuwahi kusimama upande wake. Nikamwona mtu ameshika gunia kwa mikono miwili, anangoja, ananiamini, hana analolijua. Nikaelewa kwamba kila alipokuwa akiinua macho yake yale, kila soko na kila stesheni, alichokuwa anakiona ni mimi. Na ndipo alipokuwa akianza kutabasamu. Siku zote nilidhani anawatabasamia watu.

Nilifungua mdomo niulize habari za mama mkwe, kikatoka kilio. Si machozi ya heshima. Kilio cha mtoto aliyepotea sokoni. Na watu wakacheka! Walidhani ni sehemu ya igizo. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyolia, debe likanidondoka mguuni, wakashika mbavu.

Shilinde peke yake hakucheka. Akaja taratibu, akanivua koti kama mtu anavyomvua mgonjwa, akalivaa yeye. Likamkaa hovyo. Akaniwekea gunia mikononi. Akaokota debe, akasema kwa lafudhi ya kwao, mpunga wenyewe ndo huu tajiri, tuanze upya. Moja. Mbili. Mama mkwe hajambo?

Nikatumbua macho. Mikono yenyewe ilijua la kufanya. Machozi yanatiririka, gunia liko wazi, nane, kumi na tisa, watoto wake wameoa wangapi? Ndugu zangu, watu walilala chini. Padre aliondoka kidogo akajishikilia kwenye mti. Hata Stanislaus hakuwahi kupata kicheko kile, na kama alisikia huko aliko, najua anaudhika.

Kilipoisha, Justa akasimama katikati. Nikajua faini inakuja. Akanitazama, na yeye macho yake mekundu, akasema mbele ya wote:

“Shemeji, mtani halii. Wewe Mngoni umekwisha. Njoo ukae huku, mkeka wako ni huu na sisi.”

Akaniwekea nafasi kati yake na mwanawe mkubwa. Nikakaa. Nikaletewa uji. Shilinde ndiye aliyeniletea, bado kavaa koti.

Jumapili, 20 Julai

Leo kanisani mzee mmoja ambaye hatufahamiani vizuri kanishika mkono akasema poleni kwa kufiwa. Poleni, kwa wingi, kama mtu wa nyumba ile. Nimebaki nimemshika mkono mpaka akaanza kuwa na wasiwasi.

Herieth kasimulia mambo yote ya jana redioni. Kasema Mzee Chenga ametuachia watu wanaojua kuchekeshana. Mwalimu mstaafu kapiga simu kuongezea maadili.

Faini nimelipa, jogoo. Justa kasema atamfuga kwa kumbukumbu ya marehemu. Stanislaus angehama kaburi.

Jumanne, 22 Julai

Nimetulia, nimefikiri kwa kichwa baridi. Sasa naona kosa lilikuwa wapi. Sikukosea kutaka koti. Nilikosea kabila.

Ungoni umekufa, sawa. Lakini Justa kasema kila mwaka watakutana pale, na koti atavaa mtani. Na mtani aliyebaki ni Msukuma. Jibu liko wazi kabisa. Siwema nilipomweleza alikwenda kukaa nje, nikamsikia anaongea na Mungu.

Mchana nimefunga kibanda nikaenda kwa Shilinde. Nimemwomba anifundishe Usukuma, wote, kuanzia mwanzo, nina mwaka mzima. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka. Kasema hiyo ni ya asubuhi. Akawaza kidogo, hakucheka, kisha akasema Usukuma hauingii kwa maneno, unaanza na ng'ombe. Akanipa kamba. Akaniambia nimshike yule dume mkubwa wakati yeye anamfunga kidonda cha mguu, nisiseme neno, nimtazame tu machoni.

Nimeshika. Dume kanitazama, nami nimemtazama. Kanikanyaga, sikusema neno. Shilinde alikuwa akifunga kidonda huku anamuuliza ng'ombe habari za nyumbani na kujijibu mwenyewe. Watu waliokuwa wakitoka shambani wakaanza kusimama mmoja mmoja, mpaka njia ikaziba. Walicheka sana, mmoja alilazimika kukaa chini.

Ni dalili nzuri. Nadhani Usukuma umeanza kunikubali, na kesho Shilinde kasema nirudi, ana ng'ombe mwingine.